Joto, ukame na mafuriko: hali mbaya ya hewa inavyomfikia mtoto aliye tumboni

Ni mwezi wa pili, saa saba mchana, jua la utosi. Mama mwenye mimba ya miezi saba anatoka kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani. Asubuhi alikuwa shambani kwenye palizi. Tangu alfajiri amekunywa kikombe kimoja cha uji na maji kidogo tu, kwa sababu kisima kiko mbali na maji ya nyumbani ni ya kupimiana. Anasikia kizunguzungu. Tumbo linakaza, kisha linaachia. Anajisemea kuwa ni uchovu tu, utapita.

Msikilizaji, huenda mama huyo ni wewe, mkeo, binti yako au mkwe wako. Wengi wetu tumezoea kuona jua kali na mvua kubwa kuwa ni mambo ya mazao na mifugo. Lakini hali mbaya ya hewa humfikia pia mtoto ambaye bado hajazaliwa. Makala haya yanaeleza inamfikiaje, na nini kinaweza kufanywa nyumbani, shambani na kliniki.

Kwa ufupi

- Joto kali huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito pungufu au kuzaliwa mfu.
- Ukame humpunguzia mama chakula na maji, na kumwongezea mwendo wa kutafuta vyote viwili.
- Mafuriko huleta malaria na magonjwa ya kuharisha, na hukata njia ya kwenda hospitali.
- Hatua nyingi za kumlinda mama hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji kugawana kazi na kupanga mapema.

Kwa nini uzito na muda ni muhimu

Mimba iliyokomaa huchukua takriban wiki 40. Mtoto akizaliwa kabla ya kutimia wiki 37, huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati. Ndiye wengi wetu tunayemwita mtoto njiti. Mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, hata kama miezi yake ilitimia.

Mtoto njiti bado hajamaliza kujengeka. Mapafu yake yanaweza kushindwa kupumua vizuri, hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi ya kumtunzia joto, na wengine hawana nguvu ya kunyonya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati duniani kote, yaani karibu mmoja katika kila watoto kumi. Matatizo yatokanayo na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano.

Kumbuka jambo moja zaidi. Mimba ikiwa na wiki 28, mtoto ana uzito wa kama kilo moja. Akizaliwa kwa wakati wake, wengi huwa na kilo tatu hivi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya uzito hupatikana katika miezi mitatu ya mwisho. Miezi hiyo ikiangukia kwenye joto kali au njaa, mtoto ndiye anayelipa.

Joto linafanya nini mwilini

Mwili wa binadamu ukipata joto, hupeleka damu nyingi kwenye ngozi na kutoa jasho ili kujipoza. Kwa mjamzito kazi hiyo ni ngumu zaidi. Amebeba uzito wa ziada, moyo wake unasukuma damu nyingi kuliko kawaida, na mtoto tumboni anazalisha joto lake mwenyewe.

Mtoto huyo hawezi kutoa jasho wala kukimbilia kivulini. Joto lake hutoka kwa kupitia kondo la nyuma na damu ya mama. Siku zote joto lake huwa juu kidogo kuliko la mama yake. Kwa hiyo mama akipata joto kupita kiasi, mtoto anakosa pa kulitolea lake.

Mama asipokunywa maji ya kutosha, damu yake hupungua wingi. Damu nyingi ikielekea kwenye ngozi na nyingine ikienda kwenye misuli inayolima au kubeba mzigo, inayofika kwenye kondo la nyuma inaweza kupungua. Hapo ndipo mtoto anapokosa hewa na lishe ya kutosha. Kukaukiwa maji kunaweza pia kuamsha vichocheo vinavyolifanya tumbo likaze, na uchungu ukaanza kabla ya siku zake.

Watafiti wamepima nini

Nchini Gambia, watafiti waliwafuata wajawazito 92 wanaolima mashamba yao wenyewe. Waliwapima joto la mwili na mapigo ya moyo wakiwa kazini, wakapima pia mapigo ya moyo wa mtoto na mwendo wa damu kwenye kitovu chake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kila mzigo wa joto ulipoongezeka kwa nyuzi moja, dalili za mtoto kuelemewa ziliongezeka kwa asilimia 17.

Mwaka 2020, watafiti wengine walikusanya tafiti 70 kutoka nchi 27 na kuzisoma kwa pamoja. Waliona kuwa kila joto linapopanda kwa nyuzi moja, uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati na wa mtoto kuzaliwa mfu huongezeka kwa kama asilimia 5. Katika siku za wimbi la joto, uwezekano wa kujifungua mapema uliongezeka kwa asilimia 16.

Hesabu hiyo ina maana gani kijijini? Tuseme kati ya wajawazito 1,000, kwa kawaida 100 hujifungua kabla ya wakati. Wote wakipitia wimbi la joto, idadi hiyo inaweza kufika kama 114. Wengi bado watajifungua salama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuingiwa na hofu. Lakini hao 14 wa ziada ni watoto wa watu.

Ukame na miezi ya njaa

Ukanda wetu unaujua ukame. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, mashariki na kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia zilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa, bei ya chakula ikapanda, na wanawake wakatembea mbali zaidi kutafuta maji.

Kwa mjamzito, ukame ni mizigo mitatu kwa mpigo: anakula kidogo, anatembea zaidi na anakunywa maji machache. Damu hupungua mwilini, na mama mwenye upungufu wa damu yuko hatarini zaidi anapojifungua.

Habari njema ni kwamba chakula huleta tofauti inayopimika. Gambia hiyohiyo, katika vijiji ambako wakulima hukosa chakula kabla ya mavuno, wajawazito walipewa biskuti zilizotengenezwa kwa karanga. Matokeo yalitolewa mwaka 1997. Watoto waliozaliwa katika miezi ya njaa walikuwa na uzito wa wastani wa gramu 201 zaidi kuliko wale ambao mama zao hawakupewa. Watoto waliozaliwa wafu pia walipungua. Karanga si dawa ya hospitali. Hata sisi tunazilima.

Mvua kubwa na mafuriko

Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena kuanzia Machi hadi Mei 2024, mvua kubwa zilileta mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania. Bonde la Rufiji lilifurika, madaraja yakakatika, familia zikalala shuleni na kwenye mahema.

Mafuriko humdhuru mjamzito kwa njia nne.

Ya kwanza ni malaria. Maji yaliyotuama huzaa mbu. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto lishe, hata pale mama asipohisi homa. Hii ni sababu kubwa ya watoto kuzaliwa na uzito pungufu katika nchi zetu.

Ya pili ni maji machafu. Vyoo vikifurika, kinyesi huingia visimani. Kipindupindu kikimpata mjamzito, mwili hukaukiwa maji haraka na mimba inaweza kuharibika.

Ya tatu ni njia. Mama aliyezoea kufika zahanati kwa bodaboda katika nusu saa anaweza kujikuta ng'ambo ya mto usiovukika, uchungu ukiwa umeshika.

Ya nne ni mshtuko. Kupoteza nyumba, mazao au ndugu ni jambo zito. Hofu ya muda mrefu hupandisha shinikizo la damu, huondoa usingizi na hamu ya kula, na mtoto huguswa pia.

Kwa wenzetu wa pwani kuna jambo la tano. Bahari inapoingia kwenye visima au visima vinapopungua maji, maji huwa ya chumvi. Katika vijiji vya pwani ya Bangladesh, wajawazito waliokunywa maji yenye chumvi nyingi walionekana kuwa na shinikizo la damu na kifafa cha mimba zaidi. Kama kisima chenu kimegeuka ladha, tumieni maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri kwa kunywa, na mama apimwe shinikizo la damu kila anapokwenda kliniki.

Weka kalenda mbili pamoja

Mkulima hapandi bila kujua mvua inaanza lini. Mimba nayo ina kalenda yake, na kuziweka kalenda hizo mbili pamoja husaidia sana.

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ongeza miezi tisa na siku saba. Aliyeona hedhi ya mwisho tarehe 1 Julai atatarajia kujifungua karibu na tarehe 8 Aprili. Sasa tazama majira. Miezi yake mitatu ya mwisho ni Januari, Februari na Machi: jua kali, palizi, na ghala linaloelekea kuwa tupu. Siku ya kujifungua yenyewe inaangukia kwenye masika, barabara zikiwa tope.

Familia inayojua hilo tangu Agosti ina muda wa kujipanga. Inaweza kutenga debe la karanga, kunde au maharage kwa ajili ya mama. Inaweza kupanga nani atabeba maji miezi ya joto. Inaweza kuweka akiba ya nauli, na kutafuta ndugu anayeishi karibu na hospitali ili mama ahamie kwake wiki mbili au tatu kabla ya siku zake. Baadhi ya hospitali zina nyumba ya kusubiria wajawazito, inayoitwa chigonela katika baadhi ya maeneo ya Tanzania. Ulizia mapema.

Sikilizeni pia utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Ukitangazwa msimu wa mvua za juu ya wastani, mwenye mimba kubwa asisubiri mto ujae.

Mama afanye nini

- Kunywa maji mara kwa mara, hata kabla ya kiu. Mkojo ukiwa wa rangi iliyokoza, mwili unadai maji. Ukienda shambani, beba chupa yako.
- Fanya kazi za shamba alfajiri na jioni. Saa sita hadi saa tisa alasiri kaa kivulini.
- Vaa nguo nyepesi zisizobana, na ujifunike kichwa. Lowesha kitambaa, jipanguse shingo, mikono na miguu.
- Punguza kukaa jikoni kwenye moto mkali. Pika nje penye kivuli, au pika wakati wa ubaridi.
- Anza kliniki mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua manane.
- Meza vidonge vya kuongeza damu kama ulivyoelekezwa. Lala kwenye chandarua chenye dawa kila usiku, hata usiku wa joto.
- Muulize muuguzi kuhusu dawa ya SP ya kukinga malaria. Hutolewa kuanzia miezi mitatu ya mimba inapopita, kwa kupishanisha mwezi mmoja au zaidi. Atakuambia kama inakufaa.
- Weka kadi ya kliniki, kitambulisho na fedha kidogo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Familia ifanye nini

Ushauri huo wote hauna maana kama mama hana anayempokea ndoo. Huko Kilifi, Kenya, watafiti walizungumza na wajawazito, waume na mama wakwe kuhusu joto. Ilionekana kuwa wanawake wengi huendelea na kazi nzito hadi karibu na kujifungua: kuchota maji, kutafuta kuni, kulima.

Baba, kubeba maji kwa baiskeli miezi mitatu hakukupunguzii heshima. Mama mkwe, ulizaa na kulea katika shida, na tunajua hukuwa na wa kukupokea. Mkwe wako leo anabeba mimba katika joto lililozidi la wakati ule. Neno lako moja, "Kaa kivulini mwanangu, nitaenda mimi au atakwenda kaka yako," linaweza kumwokoa mjukuu.

Dalili za hatari: usisubiri kesho

Mjamzito aende kituo cha afya mara moja akiona mojawapo ya haya:

- Kutokwa damu au maji ukeni.
- Tumbo kukaza na kuachia kwa kurudiarudia kabla ya miezi kutimia.
- Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso au mikono kuvimba.
- Degedege.
- Homa.
- Mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa.
- Kuharisha majimaji au kutapika mfululizo.

Aliyezidiwa na joto huona kizunguzungu, hutapika, hulegea, au huongea asichokijua. Mpelekeni kivulini, alale ubavu wa kushoto, mfungueni nguo zinazobana, mlowesheni maji mwilini na kumpepea. Kama ana fahamu, anywe maji kidogo kidogo. Kama amechanganyikiwa au amezimia, msimnyweshe kitu. Endeleeni kumpoza huku mkimkimbiza hospitali.

Kwa walio Tanzania, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga kupitia m-mama huombwa kwa kupiga 115 bila malipo. Popote ulipo, hifadhi kwenye simu namba ya muuguzi wa zahanati na ya dereva mmoja unayemwamini.

Mtoto akishazaliwa

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, hata katika nchi ya joto. Kwenye nyanda za baridi kama Njombe au Nyandarua, Juni na Julai, hatari huwa kubwa zaidi. Akizaliwa akaushwe, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, avalishwe kofia na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Asiogeshwe kabla ya saa 24.

Kwa mtoto njiti, kifua cha mama ni tiba. Huduma ya kangaruu ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na uhaba wa mashine za kutunzia watoto. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa robo. Baba na bibi nao wanaweza kumbeba kifuani mama anapopumzika.

Wakati wa joto kali, usimfunike mtoto kwa blanketi juu ya blanketi. Mguse kifuani au shingoni: akiwa na jasho au joto jingi, mpunguzie nguo na umnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Mkimbize hospitali akikataa kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea anapopumua, akiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, akilegea, au viganja na nyayo zikigeuka njano.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, wakati wa joto nimpe mtoto mchanga maji? Hapana. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, na yanamtosha kwa miezi sita ya kwanza, hata kiangazi. Maji ya kisima yanaweza kumwingizia vijidudu vya kuharisha. Anayehitaji maji zaidi ni mama anayenyonyesha.

Wazee wanasema mjamzito asipofanya kazi nzito atapata shida kujifungua. Kweli? Mwili kuchangamka ni vizuri: kutembea na kazi nyepesi havina ubaya. Kinachodhuru ni kazi nzito juani, bila maji wala mapumziko.

Nikila sana, mtoto atakuwa mkubwa anishinde kuzaa? Usijinyime chakula kwa hofu hiyo. Kliniki hupima ukuaji wa mtoto, na watakuambia kama kuna tatizo. Mtoto mwenye uzito pungufu ana hatari kubwa zaidi ya kupoteza maisha.

Mimba yangu ilipita katika joto kali. Je, mtoto ameshadhurika? Si lazima. Watoto wengi huzaliwa wazima. Mweleze muuguzi, hudhuria kliniki, na ujifungulie mahali penye mtaalamu.

Mwisho, rudi kwa yule mama wa mwezi wa pili. Tumbo linalokaza na kuachia si la kungojea lipite. Atue ndoo, akae kivulini, anywe maji; na likiendelea kukaza, safari ya zahanati ianze leo. Na ndoo ile, aipokee mwingine.